Mbacha, Msala na Haki ya Kuondoka

Kuna suala la kimaadili ambalo halina jina maalumu, lakini kila aliyewahi kuishi mahali huku roho yake ikitaka kwengine analijua: je, mtu anaweza kuwa mwaminifu kwa nyumba ambayo amekwisha kukusudia kuihama? Suala hili linaweza kuulizwa juu ya kazi, juu ya mji, hata juu ya ndoa. Hapa linaulizwa juu ya jambo dogo zaidi, ambalo kwa udogo wake linaonekana vyema: hali ya kijana aliyeingia chuo kikuu kimoja nchini Marekani na ambaye, tangu wiki za mwanzo za mwaka wa kwanza, anatumaini kuhamia chuo chengine chenye jina kubwa zaidi na mlango mwembamba zaidi.

Desturi hii ni ya Marekani hasa. Katika nchi nyingi mwanafunzi humaliza shahada pale pale alipoianza, na kuhama katikati ni jambo la nadra linalohitaji kuelezwa. Marekani kuhama ni njia iliyosawazishwa, yenye fomu zake na tarehe zake. Kijana huomba vyuo akiwa na miaka 17 hivi, mwaka wa mwisho wa sekondari. Vyengine humkubali, vyengine humkataa, naye huenda anakopata. Asiyeridhika anaweza kuomba upya, safari hii akiwa tayari ni mwanafunzi wa chuo. Maombi kwa kawaida hupelekwa mnamo mwezi wa Machi, na majibu hutoka mwezi wa Mei au baada yake kidogo. Anatakiwa atume matokeo yake ya shule na ya chuo, insha ya kueleza kwa nini anataka kuhama, na aghalabu barua za walimu wa chuo alichopo. Kwa hiyo anayetaka kuingia kwengine katika mwaka wa pili huanza kujitayarisha kuondoka akiwa hajatimiza hata miezi sita ya kukaa.

Na mlango wenyewe ni mwembamba kweli. Chuo Kikuu cha Princeton kiliacha kupokea wanafunzi wa kuhamia mwaka 1990, kikaja kuanza tena mwaka 2018. Katika mwaka huo wa kurejea waliomba watu 1,429. Waliokubaliwa walikuwa 13. Yaliyotokea Harvard yalikuwa ya kusikitisha zaidi. Mwaka 2008, baada ya watu zaidi ya 1,000 kwisha kupeleka maombi yao, chuo kilitangaza kwamba hakitapokea anayehamia kwa muda wa miaka miwili, kwa sababu vyumba vya dakhalia havitoshi. Hapakuwa na aliyepimwa akaonekana pungufu. Vitanda vilikuwa vichache, basi. Waliokuwa wameujenga mwaka mzima juu ya tumaini hilo waliamka siku moja wakakuta msingi haupo.

Wahenga wa pwani wanaonekana kuwa wamekwisha kutoa hukumu: usiache mbachao kwa msala upitao. Mbacha ni mkeka mkuukuu uliochakaa, lakini ni wako na uko chini yako. Msala ni mzuri, lakini unapita njia. Kwa wengi methali hii inatosha kumnyamazisha kijana yule. Chuo kilichompokea ndicho mbacha wake, na atulie. Lakini methali isomwe kwa makini. Haisemi kwamba mbacha ni bora kuliko msala, wala haisemi kwamba ni dhambi kuutamani msala. Uzito wake wote umo katika neno la mwisho, upitao. Inamwonya mtu asikitupe alicho nacho kabla hajakishika anachokitaka. Ni methali ya hadhari, si methali ya uaminifu. Na kuna suala ambalo haikuligusa: mtu aukalie vipi mbacha wake katika siku zile ambazo msala bado anaungojea?

Wapo wanaoijenga shutuma juu ya shukurani. Husema kwamba chuo hiki kilimpokea kijana pale vyengine vilipomfungia mlango, kikampa nafasi ambayo angeweza kupewa mwengine, na pengine kikampunguzia ada; sasa anawezaje kukigeuzia mgongo? Hoja hii ina chembe ya ukweli, lakini haisimami mpaka mwisho. Baina ya chuo na mwanafunzi kuna mapatano. Mmoja analipa na kusoma, mwengine anafundisha na kutunuku. Mwanafunzi akishindwa masomo, chuo humwondoa, wala hakuna anayekishutumu chuo kwa kukosa huruma ya mzazi. Basi na mwanafunzi naye hawezi kudaiwa utiifu wa mtoto. Fadhila inayodai kulipwa kwa miaka minne ya umri wa mtu imekwisha kutoka katika fadhila ikaingia katika deni.

Aidha, sababu za kutaka kuondoka mara nyingi ni sababu njema. Kuna aliyegundua katika mwaka wa kwanza kwamba fani aliyoumbiwa haifundishwi alipo. Kuna ambaye ada imemshinda, au ambaye mzazi wake anaugua mbali naye. Na kuna aliyechagua akiwa na miaka 17, kwa picha zilizochapishwa katika vijitabu na kwa ushauri wa watu wasiomjua, kisha akafika na kukuta aliyoyachagua siyo aliyoyadhania. Si haki mtu mzima afungwe na hesabu iliyopigwa na mtoto, hata kama mtoto huyo alikuwa yeye mwenyewe mwaka uliopita. Haki ya kuondoka, basi, ipo. Atakayeikanusha itambidi aeleze kwa nini wafanyakazi waruhusiwe kuhama kazi na wapangaji kuhama nyumba, ila mwanafunzi peke yake azuiliwe.

Lakini chuo si ofisi na majengo tu. Ni watu. Kuna mwenzake wa chumbani, aliyetoka mji wa mbali naye pia ni mgeni. Kuna mwalimu anayesoma kazi zake usiku na kuziandikia maelezo pembeni. Kuna wanafunzi kumi wanaokaa pamoja kuizungumza riwaya moja, na mazungumzo yao hupungua akiwapo mmoja asiyejali. Kwa taasisi, kijana huyu anadaiwa ada na ukweli, basi. Kwa watu hawa anadaiwa kitu chengine kabisa: anadaiwa awepo. Mgeni siku mbili, siku ya tatu mpe jembe. Na miezi tisa si siku mbili. Anayekula katika nyumba kwa miezi tisa bila ya kushika jembe, kwa kuwa moyo wake uko shamba la jirani, hana hoja ya kujitetea kwamba jirani bado hajamwita.

Hapa ndipo lilipo kosa linalowezekana, nalo haliko katika kuondoka bali katika namna ya kungoja. Kuna kungoja kunakoigeuza nyumba kuwa ukumbi wa abiria. Anayengoja hivyo huyaacha masanduku yake nusu yamefungwa. Haingii katika urafiki, kwani ya nini kumzoea mtu watakayeagana mwezi wa Mei? Huchagua masomo kwa kukisia yapi yataipendeza ofisi ya udahili ya chuo cha mbali, wala si kwa kiu yake mwenyewe. Hujiunga na chama cha wanafunzi ili apate mstari mmoja wa kuandika katika fomu. Huitembelea maktaba ya chuo chake akiilinganisha na nyengine ambayo hajawahi kuiona ila katika picha. Mwaka unapita, na yeye hakuishi popote: hakuishi alipokuwapo kwa sababu hakutaka, hakuishi alipopataka kwa sababu hakuwapo.

Ni insafu kusema kwamba kosa hili si la vijana peke yao. Vyuo vikubwa vina sehemu yao. Chuo Kikuu cha Cornell, kwa mfano, kimekuwa kikiwapa baadhi ya waombaji wake ahadi ya aina yake: hawakubaliwi katika mwaka wa kwanza, lakini wakisoma mwaka mmoja kwengine na kupata alama zinazotakiwa, watapokelewa katika mwaka wa pili. Kwa kijana ahadi hiyo ni neema. Lakini lipo suala la hicho chuo cha kwengine, ambacho hakikuulizwa. Kitamfundisha, kitamlaza na kumlea mtu ambaye tangu siku ya kwanza ana tikiti ya kuondokea mfukoni. Anayetoa ahadi ya namna hiyo anakopesha mali isiyo yake, yaani mwaka mmoja wa kazi ya watu wengine.

Katika taratibu zote za kuhama, hapana lenye fundisho kubwa kuliko barua za walimu. Vyuo vingi vikubwa humtaka mwombaji alete barua mbili hivi kutoka kwa walimu waliomfundisha chuoni alipo. Maana yake ni kwamba anayetaka kuihama nyumba inambidi apate ushahidi wa waliomo ndani ya nyumba hiyo hiyo. Hawezi kuwategemea wa shuleni kwao peke yao, wala hawezi kujiandikia. Lazima aende kwa mtu anayemhama na kumwambia: nishuhudie, nipate kukuhama.

Anayeyaona mambo juu juu huiona hali hii ni kinyume au ni kejeli. Kwa kweli ni hekima, ijapokuwa pengine waliouweka utaratibu hawakuikusudia. Maana barua yenye uzito haiandikwi juu ya mtu asiyekuwapo. Mwalimu anaweza kueleza swali aliloulizwa ambalo lilimlazimisha yeye mwenyewe afikiri upya; anaweza kueleza insha iliyorudiwa mara tatu mpaka ikasimama; anaweza kueleza jinsi mwanafunzi alivyomsikiliza mwenziwe aliyekuwa akibabaika. Lakini hawezi kueleza kivuli kilichokaa kiti cha nyuma kikihesabu miezi. Ikawa, kwa hiyo, kwamba njia ya pekee ya kustahiki kuondoka ni kukaa kikamilifu. Na aliyekaa kikamilifu huenda akakuta, mwezi wa Machi, kwamba hana tena hamu ya kuondoka. Hii ndiyo hatari ambayo tumaini la haki halina budi kuikubali: kwamba kazi ya kulitimiza inaweza kulimaliza.

Wasomaji wa pwani hawatakiona kigeni kisa hiki. Katika madarasa ya zamani ya visiwani na ya miji ya mwambao, mwanafunzi alikuwa akihama kutoka kwa mwalimu mmoja kwenda kwa mwengine mwenye ujuzi wa fani nyengine, na safari ya elimu haikuhesabiwa utovu wa adabu. Lililohesabiwa ni namna ya kuaga. Aliyeondoka kwa radhi ya mwalimu wake aliondoka na kitu. Aliyetoroka usiku, hata akifika kwa mwanachuoni mkubwa zaidi, alifika mikono mitupu. Mwalimu aliyetoa radhi hakujiona ameachwa, alijiona amefikisha. Na mwalimu wa Marekani anayeandika barua ya dhati kwa ajili ya mwanafunzi bora wa darasa lake, akijua kwamba barua hiyo ikifanya kazi yake darasa litampoteza, anatenda tendo hilo hilo la ukarimu. Kumwomba barua hiyo si kosa. Kosa ni kumfuata tangu mwanzo kwa ajili ya barua, kumchekea, kubisha hodi ofisini kwake kwa maswali ambayo majibu yake hayatakiwi, na kumwacha aamini kwamba amepata mwanafunzi, ilhali alichopata ni mteja wa saini.

Lugha ya Kiswahili inatoa msaada hapa ambao lugha nyengine haziutoi kwa wepesi. Ina kuhama, na ina kuhamia. Herufi moja inaugeuza uso wa mtu: anayehama anatazama anapotoka, anayehamia anatazama anapokwenda. Vyuo huuliza katika insha yao kwa nini mwanafunzi anataka kubadilisha chuo, na wengi hujibu suala la kuhama. Chakula kibaya, mji mdogo, wenzao hawapendi kusoma, walimu hawana majina. Jibu kama hilo halimwambii mtu lolote ila kwamba mwandishi wake hana furaha. Anayejibu suala la kuhamia huzungumza lugha nyengine. Anaitaja fani anayoitaka, anataja kazi aliyoianza hapa na ambayo imefika mahali inapohitaji maabara, au maktaba, au mwalimu asiyekuwapo hapa. Huyu hana haja ya kuitukana nyumba yake. Anaweza kusema kwa kweli kwamba imemfikisha mpaka ukingoni mwa uwezo wake, nayo hiyo ni sifa, si lawama.

Linabaki suala gumu zaidi: ni nini hasa anachokihamia? Wengi, wakiulizwa faraghani, watasema ni elimu bora. Na wengi, wakijiuliza faraghani zaidi, watakuta ni jina. Hapana aibu kulizungumza jina kwa uwazi. Mwaka 2002 wachumi wawili, Stacy Dale na Alan Krueger, walichapisha uchunguzi juu ya wanafunzi walioingia chuo mwaka 1976. Waliwalinganisha vijana waliokubaliwa na vyuo vya daraja moja, kisha baadhi wakaenda kwenye vyuo vyenye mlango mwembamba na wengine wakaenda kwenye vyuo vya kawaida. Kipato chao cha baadaye kilikaribiana. Juhudi na tamaa ya mtu, yaani mambo yaliyomfanya athubutu kuomba, yalikwenda naye popote alipokwenda. Lakini wachumi hao waliona pia kwamba watoto wa familia maskini walifaidika kwa kweli na vyuo vile vikubwa. Na mwaka 2023 Raj Chetty, David Deming na John Friedman walionyesha kwamba kusoma katika mojawapo ya vyuo 12 mashuhuri kabisa hakubadilishi sana wastani wa kipato, lakini kunaongeza kwa takriban nusu nafasi ya mtu kuingia katika ile asilimia 1 ya wenye kipato cha juu kabisa. Walionyesha na jambo jengine: mtoto wa asilimia 1 hiyo ya matajiri ana nafasi zaidi ya maradufu ya kuingia katika vyuo hivyo kuliko mtoto wa familia ya kati mwenye alama za mtihani sawa na zake.

Tafiti hizi mbili, zikisomwa pamoja, zinamkataza mtu kusema maneno mepesi. Si kweli kwamba jina halina thamani. Na mtu aliyezaliwa ndani ya jina ndiye mwenye wepesi wa kuwaambia wengine kwamba jina ni upuuzi. Mtoto wa dereva au wa mfanyakazi wa hospitali, aliyepata alama zile zile na kukuta mlango umemfungia akiwa na miaka 17, halaumiki akirudi kubisha hodi akiwa na miaka 18. Katika kubisha kwake kuna madai ya haki. Lakini si kweli pia kwamba jina ndilo linalomfanya mtu. Sehemu kubwa ya kile ambacho kijana anadhani amekikosa katika chuo chake, amekwenda nacho chuoni hapo yeye mwenyewe.

Mifano miwili ya watu wanaojulikana inaweza kulifafanua jambo hili. Wa kwanza ni mshairi. Langston Hughes aliingia Chuo Kikuu cha Columbia, mjini New York, mwaka 1921. Baba yake, aliyekuwa akiishi Mexico, alikubali kumlipia kwa matarajio kwamba atasoma uhandisi. Hughes alikuwa amekwisha kuchapisha shairi lake la mito katika jarida la The Crisis mwezi wa Juni mwaka huo. Alikitaka chuo kwa sababu kilikuwa karibu na Harlem, mtaa wa Wamarekani Weusi. Akakaa mwaka mmoja, akakutana na ubaguzi, na mwaka 1922 akaondoka. Kwa mizani ya majina alifanya kinyume cha wote: alikiacha chuo ambacho maelfu wangependa kukihamia. Akafanya kazi za mikono, akapanda meli mwaka 1923 kwenda Afrika Magharibi, akafika Paris, na mwaka 1926, mwaka ule ule kilipotoka kitabu chake cha kwanza cha mashairi, akaingia Chuo Kikuu cha Lincoln huko Pennsylvania, kilichoanzishwa mwaka 1854 kwa ajili ya kuwasomesha Weusi. Alihitimu mwaka 1929.

Lincoln hakikuwa na jina la Columbia. Lakini katika miaka hiyo ndani yake alikuwamo Thurgood Marshall, aliyehitimu mwaka 1930 na ambaye mwaka 1960 alikwenda London kuwa mshauri wa wajumbe wa Kenya katika mazungumzo ya katiba. Nnamdi Azikiwe wa Nigeria, ambaye naye alikuwa amepitia vyuo vyengine viwili kabla, alihitimu hapo mwaka 1930. Kwame Nkrumah alihitimu mwaka 1939. Na Hughes hakukaa Lincoln kama abiria. Karibu na kumaliza aliwachunguza wanafunzi wenzake na maoni yao, akalikosoa waziwazi jambo la kwamba chuo cha Weusi kilikuwa na walimu weupe watupu. Mtu hajisumbui kuikosoa nyumba ambayo hayumo. Yule aliyeondoka Columbia kimya ndiye aliyesema kwa sauti Lincoln. Na tofauti ya vyuo hivyo viwili, kwake yeye, haikuwa ya daraja bali ya kuwapo.

Wa pili ni Barack Obama, mwana wa Mkenya, aliyeingia Chuo cha Occidental mjini Los Angeles mwaka 1979. Baada ya miaka miwili alihamia Columbia, akahitimu mwaka 1983. Yeye alipanda kuelekea kwenye jina. Lakini hotuba yake ya kwanza ya hadhara hakuitoa New York. Aliitoa Occidental, mwezi wa Februari mwaka 1981, katika mkutano wa wanafunzi wa kukitaka chuo kiondoe fedha zake katika makampuni yaliyofanya biashara na Afrika Kusini ya ubaguzi wa rangi. Alikuwa amebakiza miezi michache tu hapo, na bado aliona inafaa kushughulika na fedha za chuo anachokihama ziwekwe wapi. Angeweza kunyamaza akawaachia watakaobaki. Sauti ambayo dunia ilikuja kuisikia baadaye ilijaribiwa kwanza juu ya mbacha, si juu ya msala.

Mifano hii isichukuliwe kuwa ni kanuni. Wako wengi waliohama bila ya kuacha alama popote na maisha yao yakawa mema, na wako waliotulia walipo wakazeeka kwa kinyongo. Inaonyesha jambo moja tu, kwamba thamani ya mwaka haiamuliwi na mahali utakapoelekea.

Kuna na upande wa jamii, ambao haufai kusahauliwa kwa kumtazama kijana mmoja mno. Pale ambapo mlango wa pili unafunguliwa kwa watu 13, kuhama ni bahati na nasibu. Pale unapofunguliwa kwa wengi ni haki. Jimbo la California, katika mpango wake mkuu wa elimu ya juu wa mwaka 1960, liliweka njia ya makusudi kutoka vyuo vya jamii, ambavyo humpokea takriban kila mtu, kwenda katika vyuo vikuu vya jimbo kama Berkeley na UCLA. Katika njia hiyo aliyeanza chini hahesabiwi kuwa amepotea, na chuo alichoanzia hakihesabiwi kuwa ukumbi wa abiria, kwa sababu kazi yake inayojulikana na kuheshimiwa ni kuvusha. Princeton nayo, ilipoufungua upya mlango wake mwaka 2018, ilisema inawakusudia hasa waliotumikia jeshi na waliotoka katika vyuo vya jamii. Ni kukiri, japo kwa idadi ndogo, kwamba hukumu inayotolewa juu ya mtu akiwa na miaka 17 haipaswi kuwa hukumu ya mwisho.

Basi, suala la mwanzo linaweza kujibiwa. Mtu anaweza kuwa mwaminifu kwa nyumba anayokusudia kuihama, kwa sharti kwamba tumaini lake liwe la namna ambayo likikataliwa halitaubatilisha mwaka wake. Kipimo ni hicho, na kila mtu anaweza kujipima nacho bila ya kumwambia mwengine. Na ajiulize mwezi wa Februari, kabla hata fomu hazijatumwa: jibu likija kuwa hapana, ni nini kitakachobaki mkononi mwangu? Kama kitakachobaki ni rafiki, na kitabu kilichosomwa kwa ajili ya kitabu chenyewe, na mwalimu ambaye mtu angependa kumwandikia hata baada ya miaka kumi, basi na aombe kwa moyo mkunjufu, kwani hamdhulumu yeyote. Kama kitakachobaki ni hesabu ya siku tu, basi tatizo lake si chuo, na chuo chengine hakitaliondoa.

Kwani aliyeuishi mwaka wa kwanza kama ngazi atauishi na wa pili kama ngazi. Atafika kwenye chuo kile cha ndoto, na kabla ya kufungua masanduku ataanza kuangalia shahada ya juu zaidi, kisha kampuni kubwa zaidi, kisha mji mkubwa zaidi. Msala kwake daima ni ule upitao. Ama yule aliyeukalia mbacha wake vyema, akipata msala ataukunja mbacha taratibu, ataukung'uta vumbi, na kuuweka mahali ambapo atakayefuata ataukuta safi. Atafuata mtu, maana kiti alichokiacha hakikai tupu. Katika orodha ya wanaotaka kuhamia hapo kuna kijana mwengine, anayetoka mahali padogo zaidi, ambaye mkeka huo kwake ndio msala.